Maiti Ana Sitara Yake

Filamu yangu ya kwanza ya msiba niliifungua na uso wa maiti. Sanda imefunuliwa, pamba puani, kamera karibu mpaka kope zinahesabika. Nikamwonyesha mama mdogo nyumbani, Kibokoni, Mombasa, naye hakufikisha dakika mbili. Aliinuka, akajitanda kanga yake, akaniambia: "Mwanangu, maiti ana sitara yake. Wewe umemvua."

Tangu siku hiyo, nikiongoza au kuhariri filamu fupi ya kifo, huanza kwa kujiuliza kipi kisitiriwe.

Muda wenyewe ni mfinyu. Kwa tuzo za Oscar, filamu fupi haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho. Kwenye tamasha la Cannes wanataka isipite 15. Mimi hupenda 10 hadi 12. Humo huwezi kumpendesha mtazamaji kwa marehemu, umuuguze, umzike, kisha umlilie. Chagua saa moja tu ya msiba.

Mimi huchagua saa jeneza linapotoka. Kwa Waislamu wa Mombasa, wanaume hulibeba kwenda kuliswalia na kuzika, wanawake wakabaki nyumbani. Waongozaji wengi huandama jeneza kwa kuwa ndiko kwenye mwendo. Nakusihi, baki ndani. Tahalili inasikika kichochoroni, La ilaha illallah, inakata kona, inafifia, haipo tena. Chumbani godoro limekunjwa, beseni bado lina maji, na punje za karafuu maiti zimesalia kwenye kisahani cha bati. Mlangoni zipo ndara za marehemu, kisigino kimoja kimelika upande. Mjane anaziona. Shoti hiyo huiachia sekunde tano zaidi baada ya moyo wangu kusema yatosha, na muziki siuweki kabisa.

Ukimya nao hurekodiwa. Kabla hamjafungasha vyombo, waambie wote wanyamaze, maiki ikiwa palepale, unase dakika nzima ya chumba. Vyumba vya Mji wa Kale vina uvumi wao: kunguru juu ya paa, tuktuk kwa mbali, feni. Usipoutandika uvumi huo chini ya picha, kila unapokata picha, sauti inakufa ghafla, na mtazamaji anadhani spika imeharibika.

Kuhusu giza, wengi huamini filamu nzito ni ya kuzima taa. Ukizima, kamera itakuletea chengachenga na nyuso zetu zitapotea. Nyumba zile za mawe ya matumbawe zina kuta nene zilizopakwa chokaa. Fungua mlango mmoja, mkalishe mwigizaji ubavu kwenye mwanga, na ukuta mweupe utalirudishia nuru kidogo shavu la pili. Ikizidi, tundika buibui jeusi upande huo, litainywa. Buibui limeniokoa mara nyingi kuliko taa za kukodi.

Ninayoihariri sasa inamhusu mjane aliye edani, ile miezi 4 na siku 10, na simu ya mumewe bado inaita kabatini. Nilitaka iite mara saba bila ya mtu kuigusa. Mama anayeigiza mjane alifiwa kweli. Alikaa nami kwenye kompyuta, akasikiliza, akaniomba zisipite nne.

Nimeacha nne.