Shankha: kuichagua, kuipuliza, kuisikiliza

Kisanskriti kina majina mengi ya bahari, na mojawapo ni ratnakara, yaani machimbo ya vito. Jina limestahili. Katika navaratna, vito tisa ambavyo kila kimoja kimepewa sayari yake, viwili vinatoka majini: lulu ni ya Mwezi, marijani nyekundu ni ya Mirihi. Hata shaligrama, jiwe jeusi linalookotwa katika mto Gandaki kule Nepal na kuabudiwa kama mungu Vishnu wa Wahindu, mara nyingi limebeba amoniti, kiumbe wa baharini aliyegeuka jiwe kabla milima ya Himalaya haijainuka.

Kwa tafakuri ya kila siku, hata hivyo, mimi hayo yote nayaweka kando na kuchukua kome moja tu, shankha, linalopulizwa kama baragumu katika ibada za Kihindu. Lulu utaivaa, marijani utaitazama. Shankha ndiyo inayokupa kazi ya kufanya: pumzi, sauti, halafu kimya.

Shankha halisi ni kome la konokono wa bahari anayeitwa kitaalamu Turbinella pyrum, mwenyeji wa maji ya India Kusini na Sri Lanka, hasa Ghuba ya Mannar. Ni zito kuliko unavyotarajia kwa ukubwa wake, jeupe kama kauri ya kikombe, na ukuta wake ni mnene. Lenye urefu wa sentimita 12 hadi 15 linamtosha anayeanza. Dogo zaidi ya hapo linataka midomo iliyokwisha kuzoea.

Dukani utaonyeshwa aina mbili, na hapa ndipo watu wengi wanapoliwa fedha. Shika kome mdomo wake ukikutazama na kilele chenye mizunguko kikiwa juu. La kawaida, mdomo unakuwa kulia kwako. Wahindu hulishika kinyume, kilele chini, kwa hiyo mdomo unahamia kushoto, na ndiyo sababu la kawaida likaitwa vamavarta, la kushoto. Lililopinda kinyume cha wenzake huitwa dakshinavarta, la kulia. Ni adimu mno, huhusishwa na Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na bei yake hutisha. Sasa ingiza kidole chako kidogo mdomoni mwake, upapase mhimili wa ndani. Turbinella ina mikunjo mitatu au minne kama ngazi. Ukipapasa pakawa laini, umeshika konokono mwingine kabisa, wa Ghuba ya Meksiko na pwani ya Florida, ambaye kwake kupinda upande huo ni jambo la kawaida. Kome zuri, la kweli, lakini si adimu, wala halikutoka kwenye bahari uliyoambiwa.

Lingine la kukagua ni nyufa. Ziba tundu la kilele, lile la kupulizia, kwa kidole, jaza maji, kaa dakika mbili. Ukuta ukitoa jasho, liache. Tundu lenyewe liwe na upana wa sentimita moja au zaidi kidogo, na ukingo uliosuguliwa. Ukingo wenye makali unakata mdomo, na tundu pana mno linakula pumzi yote bila kutoa sauti.

Usafi ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini. Siki, ndimu na ukwaju viache jikoni: kome ni chokaa, na asidi inaila. Mng'ao ukishaondoka haurudi. Maji yanayochemka nayo yanalipasua. Baada ya kuosha, liinamishe juu ya kitambaa likauke usiku kucha, kwa sababu unyevu unaobaki ndani ya mizunguko ndio unaoleta harufu.

Nyumba nyingi za Kihindu huwa na shankha mbili: ya kupuliza, iliyokatwa kilele, na ya maji, isiyotobolewa. Sababu ni mate. Kilichoguswa na midomo hakitumiki kumtolea Mungu maji. Tena kwa desturi, mungu Shiva hamiminiwi maji ya shankha, ingawa Vishnu, anayeishika kwenye mmoja wa mikono yake minne, humiminiwa.

Kupuliza sasa. Kosa la kila anayeanza ni kupuliza kama anayechochea moto wa kuni. Hewa inapita, kome linakoroma tu. Shankha haina ulimi wala kipande chochote kinachotetemeka, ulimi wake ni midomo yako. Funga midomo, ikaze pembeni, iache laini katikati, kisha toa ile sauti ya brrr anayotoa mtoto akicheza, bila kome kwanza. Ikishatoka safi, bandika tundu katikati ya midomo, au kidogo pembeni ikiwa meno yako ya mbele yametokeza. Usivimbishe mashavu. Msukumo utoke tumboni, si kooni. Sauti ikikatika katikati, midomo imelegea. Ikitoka nyembamba kama mluzi, umeikaza kupita kiasi.

Wiki ya kwanza mara tano kwa siku zinatosha, kila moja sekunde tatu. Ongeza polepole mpaka sekunde 10 au 15. Vuta hewa kwa pua, usiibane muda mrefu, na kati ya mlio na mlio pumua kawaida mara tatu. Kizunguzungu maana yake umepuliza haraka haraka, basi keti na uache kwa siku hiyo. Mwenye presha ya juu, ngiri, presha ya jicho, mimba au jeraha la upasuaji lisilopona asipulize kabisa. Kusikiliza kunamtosha.

Na kusikiliza, kwa maoni yangu, ndiko kwenye hazina yenyewe. Pwani yetu husema la mgambo likilia kuna jambo, na shankha ya hekaluni ina kazi hiyohiyo ya kuita watu, asubuhi na jioni. Lakini mlio ukiisha jambo ndipo linaanza. Hatha Yoga Pradipika, maandishi ya yoga ya karne ya 15, inapanga sauti za ndani anazosikia mwenye kutafakari: kwanza bahari, mawingu na ngoma kubwa, katikati shankha na kengele, mwisho njuga, filimbi, vina (ala ya nyuzi ya Kihindi) na nyuki. Yaani unatoka kwenye kishindo kuelekea kwenye kitu chembamba.

Zoezi langu ni la dakika 12. Piga milio mitatu, na kila mmoja ufuatilie unavyofifia mpaka usipojua kama bado unausikia. Kisha weka mdomo wa kome karibu na sikio, ukiacha nafasi ya sentimita moja au mbili, dakika nne. Ule uvumi si mawimbi yaliyonaswa, wala si damu yako: ni kelele za chumba zinazovuma ndani ya mizunguko, na chumba kikiwa kimya kabisa husikii karibu chochote. Kwa hiyo usifanye usiku wa manane ukashangaa kome limekufa. Halafu liweke chini, ziba masikio kwa vidole gumba, fumba macho, usikilize kilichobaki kwa dakika tano. Zilizosalia kaa tu.

Dakika mbili za kwanza za kuziba masikio huwa mbaya: mapigo ya moyo, madeni, maneno ya jana. Katika kisa cha Kihindu cha miungu na mashetani kuikoroga Bahari ya Maziwa, mlima Mandara ukiwa upekecho na nyoka Vasuki akiwa kamba, kilichotoka kwanza hakikuwa Lakshmi wala amrita, kinywaji cha kutokufa. Kilikuwa sumu, halahala, na Shiva akaizuia kooni, asiiteme wala asiimeze, koo likageuka samawati. Fanya vivyo hivyo na yanayokujia: usiyafukuze, usiyafuate. Mikono ikichoka, egemeza viwiko kwenye mto uliouweka magotini. Mabega yanayouma yamewakatisha watu zoezi hili kuliko mawazo.