Wati za spika si kipimo cha sauti

Swali limerudi tena: "Hii ni ya wati 100 na ile ya wati 40, si hii ndiyo itapiga zaidi?" Hapana. Leo nalijibu kwa kirefu kwa sababu majibu mafupi hayajasaidia.

Wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika zinaonyesha umeme inaoweza kuvumilia kabla koili (waya uliozungushwa ndani yake) haijaungua, basi. Sauti itakayotoka inategemea usikivu wake, yaani desibeli zinazopimwa mita 1 mbele yake inapopewa wati 1. Spika ndogo za nyumbani nyingi zimo kati ya desibeli 82 na 88. Pengo hilo la desibeli 6 ni mara nne ya umeme: ya 88 ikipewa wati 25 inalingana na ya 82 iliyopewa wati 100. Na hata hiyo ya 88 hugeuza takriban 0.4% tu ya umeme kuwa sauti. Uliobaki karibu wote ni joto.

Sasa kinachoniudhi kweli. Watengenezaji wengi hawapimi kwa wati 1, wanapima kwa volti 2.83. Kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni kitu kimoja. Kwenye omu 4, volti hizo hizo zinavuta wati 2, na spika inajipatia desibeli 3 ambazo hazikutokana na ufanisi wowote. Ukiiunganisha na amplifaya ile ile bila kugusa kitufe cha sauti, kweli itapiga zaidi, lakini amplifaya ndiyo inayolipa, na amplifaya dhaifu itachemka. Hata hiyo "omu 8" ni jina tu, maana ukinzani hubadilika kila masafa ya sauti (kasi ya mtetemo, inayopimwa kwa hezi) yanapobadilika. Kiwango cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kinataka usishuke chini ya 80% ya namba iliyotangazwa, yaani omu 6.4. Spika nyingi zinazouzwa kama za omu 8 hushuka hadi omu 4 kati ya hezi 150 na 250, na hapo ndipo muziki una nguvu nyingi.

Kuna jambo la boksi jembamba pia, ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Boksi lenye upana wa sentimita 20 hurusha sauti mbele vizuri kwenye masafa ya juu, lakini kuanzia kama hezi 600 kushuka chini, sauti huzunguka na kwenda nyuma. Mbele sauti hupungua kwa hadi desibeli 6. Fundi makini hulirekebisha hilo kwenye krosova (sakiti inayogawa masafa ndani ya spika) kwa kuishusha sauti ya kati ilingane na besi, na spika yake inatangazwa kuwa ya 84. Asiyejali anaiacha kama ilivyo, anatangaza 88, na mnunuzi anapata sauti nyembamba inayochosha masikio. Kwa hiyo namba ndogo huweza kuwa ya spika bora, na ukichagua kwa namba peke yake unamwadhibu fundi aliyefanya kazi yake.

Boksi dogo, besi nzito, ufanisi mkubwa: chagua viwili. Hofmann, ambaye ndiye H ya KLH, kampuni ya spika ya Marekani, alishalieleza hilo zamani, na hakuna aliyelikwepa.

Halafu koili ikipata moto, ukinzani wa shaba hupanda karibu 0.4% kwa kila nyuzi moja. Ikiongezeka nyuzi 100, unapoteza karibu desibeli 3. Namba ya kwenye karatasi ilipimwa koili ikiwa baridi.

Vitabu vitakuambia sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ndani ya chumba haiendi hivyo, kuta zinarudisha nyingi. Kwenye besi, nikiisogeza maiki nusu mita tu, namba inaruka kwa desibeli kadhaa. Ndiyo maana kwenye vipimo vyangu vya chumbani siamini tofauti iliyo chini ya desibeli 2, na anayebishania tofauti ya desibeli 1 simsikilizi.

Ukitaka kulinganisha spika mbili, ziweke kwa zamu mahali pale pale zitakapokaa. Cheza mvumo wa masafa yote, hakikisha kwa mita kwamba volti kwenye vituo vya spika (pale waya zinapoungwa) ni zile zile, kisha soma desibeli kwa simu iliyowekwa unapokaa. Simu hukosea kiwango chenyewe, lakini tofauti kati ya spika na spika huionyesha vizuri vya kutosha, mradi usiiguse.