Tezi shingoni: tukate kipande kwanza, dawa baadae

Mwezi uliopita nilimpokea mzee mmoja mvuvi wa dagaa kutoka Kibirizi, shati amelifunga mpaka kifungo cha juu kabisa na joto lote lile la Kigoma. Nikamwambia mzee wangu hebu fungua nione, akacheka kile kicheko cha aibu. Mafundo matatu shingoni upande wa kushoto, ukiyabonyeza ni kama raba, hayaumi, na juu yake chale zimepangwa safi kabisa. Mfukoni ana karatasi inaonyesha amemaliza dawa za TB miezi 6, na makohozi yake hayajawahi kuonyesha TB hata mara moja.

Sio wa kwanza. Ndo maana naandika kuhusu limfoma, kansa ya tezi.

Mwilini kuna mirija myembamba inakusanya maji yanayovuja kwenye nyama na kuyarudisha kwenye damu, na njiani yanapitia kwenye tezi zinazochuja wadudu: shingoni, kwapani, kinenani, kifuani, tumboni, na bandama nayo imo kwenye mtandao huo huo. Mtu akikanyaga msumari mwaloni akatokwa na mtoki, hiyo ni tezi iko kazini, inauma wiki moja mbili inaisha. Limfoma ni pale chembe nyeupe za humo ndani zinapoharibika zikaanza kuzaliana bila breki, tezi inakua na mara nyingi haiumi, na kwa sababu haiumi mtu anakaa nayo tu.

Sasa shida ni kwamba inafanana na TB ya matezi kama pacha. Homa za jioni, jasho la usiku mpaka shuka inakamuliwa, kukonda zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6, vyote hivyo viko pande zote mbili, na huku kwetu TB ni nyingi kwahiyo simlaumu sana daktari anayeanzia huko, hata mimi nimeshafanya hivyo nikiwa intern na bado linaniuma. Ila kuna kitu kibaya zaidi, nacho ni prednisolone. Mtu anapewa vidonge "kushusha uvimbe", tezi inanywea, anafurahi, kumbe ile dawa yenyewe ni moja ya dawa za limfoma, imeiyeyusha kwa muda tu, na ukija kukata sasa mtaalamu wa hadubini anaona vitu visivyoeleweka. Jamani, kabla hujammezesha mtu chochote, kata.

Na kukata namaanisha kutoa tezi nzima ikiwezekana, sindano ya kunyonya peke yake mara nyingi haitoshi maana limfoma inasomwa na jinsi chembe zilivyopangwa. Kipande kinawekwa kwenye chupa ya mdomo mpana yenye formalini (dawa ya kuzuia nyama isioze) ya kutosha, kama mara 10 ya ukubwa wa nyama. Nimeshaletewa tezi imesafiri siku mbili kwenye maji ya dripu, sitasema imetoka wapi, imeoza na mgonjwa ikabidi akatwe upya. Halafu kuna ile ya "uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa". Nawaelewa wanaoogopa, wameona watu wakikatwa kisha wakafa, lakini hao wengi walifika wakiwa wamechelewa, kisu kikabeba lawama.

Majibu yakirudi ndo tunajua ni ipi, maana zipo aina nyingi. Kuna Hodgkin, iliyopewa jina la daktari wa London aliyeieleza mwaka 1832, na kundi kubwa la zingine zote. Ya watoto wetu ni Burkitt, iliyoandikwa mwaka 1958 na daktari wa upasuaji aliyekuwa Uganda, inapenda kanda zenye malaria nyingi kama hii yetu, na inaambatana na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964. Mtoto anavimba taya, meno yanalegea, anapelekwa kung'oa. Huo uvimbe unaweza kujirudufu ndani ya siku moja au mbili, kwahiyo mtoto wa hivyo usimpe miadi, anaondoka leo leo. Uzuri ni kwamba ikipigwa dawa inayeyuka haraka pia, mpaka inabidi tutangulize dripu nyingi na vidonge vya allopurinol figo zisizidiwe na taka zake.

Tiba yenyewe ni kemo, yaani dawa kali za kuua kansa, wakati mwingine na mionzi, kwa hapa watu wanaenda Bugando Mwanza au Ocean Road Dar. CHOP, mchanganyiko wa dawa nne wa limfoma zisizo Hodgkin, ni kila siku 21, kawaida raundi 6, na dawa ya rituximab inaongezwa kama chembe zina alama inayoitwa CD20. VVU tunapima kwa kila mtu, akiwa navyo anatumia ARV na kemo anapata vilevile. Moja ya dawa ni nyekundu kama juisi ya rozela na mkojo unatoka mwekundu siku hiyo, wagonjwa wanadhani ni damu, tulieni. Kinachotutisha ni homa ya 38 na kuendelea kati ya raundi, hiyo hata usiku wa manane nenda hospitali, usinywe panadol ukasubiri kukuche.

Yule mzee wangu majibu yametoka juzi: Hodgkin, ambayo ni kati ya kansa zinazopona vizuri. Nikamweleza ni dripu kila wiki mbili, basi la Mwanza, miezi kadhaa. Kakaa kimya akihesabu vidole, nikajua anapiga hesabu ya nauli. Kumbe anahesabu mwezi. Akauliza kama naweza kumpangia siku za mbalamwezi, maana dagaa wanavuliwa kwenye giza. Nikamwambia mzee, moja itaangukia mbalamwezi, nyingine itaangukia giza tu. Akasema basi hiyo ya giza mtumbwi atashika mdogo wake.