Nani Aliwaambia Mzibe Matundu ya Stei?

Simu ya wiki iliyopita ilifanana na zote zilizoitangulia. Kijana anayefufua injini ya zamani ya stimu, sauti imejaa furaha: “Mzee, boila tumeijaza maji, tumepiga pampu, imekaza vizuri. Shida ni vile vitundu vya pembeni tu, vinatoa maji. Welda yuko hapa, anaviziba leo, Jumamosi tunawasha.”

Nilimwambia amsimamishe welda, asiguse kitu, anisubiri. Asubuhi nikapanda teksi ya kwanza kutoka Tororo kwenda upande wa Busoga. Njia nzima nilikuwa nikiwaka. Kijana mwenyewe hana kosa, hakuna aliyemfundisha. Kilichonichosha ni haya maneno ninayoyasikia kila mahali palipo na injini ya zamani: ikivuja, chomelea. Nimeyasikia kwa wenye injini, kwa mafundi wa magari, hata kwa mhandisi mmoja mwenye shahada zake ukutani.

Nilianza uanagenzi wa boila mwaka 1973 katika karakana ya reli Nairobi, wakati reli ya Afrika Mashariki bado ni moja. Ilipogawanyika mwaka 1977 nilirudi kwetu Uganda, na stimu ilipokwisha relini nikahamia boila za viwanda vya sukari. Kazi yangu yote imekuwa kuingia ndani ya fayaboksi, chumba cha moto cha boila, na taa na nyundo. Kwa hiyo leo naandika kuhusu jambo moja, vile vitundu.

Stei ni fimbo fupi ya chuma inayounganisha bamba la ndani la fayaboksi na la nje, ndiyo inayozuia la ndani lisisukumwe kuelekea motoni. Kati ya bamba la ndani na la nje kuna maji, na stimu inayasukuma mabamba hayo mawili yaachane. Injini za reli za aina ya 31 na Garratt za aina ya 60, zilizokuwa zikivuta mizigo huku kwetu, zilifanya kazi kwa paundi 200 kwa kila inchi ya mraba. Stei zikipangwa kwa nafasi ya inchi nne kwa nne, kila moja inashika inchi 16 za mraba. Zidisha mwenyewe: paundi 3,200, karibu tani moja na nusu, juu ya kipande cha chuma kisichozidi unene wa kidole gumba. Na fayaboksi ina stei mamia.

Sasa, stei haikatiki ovyo. Bamba la ndani linapopata moto linatanuka na kupanda juu, la nje linabaki nyuma kwa sababu limepoa zaidi. Stei iliyo katikati inapindwa. Ukizima, inarudi. Ukiwasha, inapindwa tena. Inachoka kama waya unaoukunja na kuukunjua kwa vidole, na kwa kawaida ufa unaanza karibu na bamba la nje, hasa kwenye pembe za juu ambako mpindo ni mkubwa. Waliounda boila walilijua hilo. Ndiyo maana walichukua keekee ya inchi 3/16 wakatoboa katikati ya kichwa cha stei kutoka nje, wakaenda ndani mpaka wapite unene wa bamba. Stei ikipasuka pale, ufa unakutana na tundu, na maji yanatoka nje mbele ya macho yako. Tundu hilo limewekwa liseme kwamba stei hii imekatika. Halina kazi nyingine.

Ukilichomelea, maji yanakoma. Stei inabaki imekatika vilevile. Ile tani na nusu imehamia kwa stei jirani, nazo zinaanza kupindwa huku zimebeba mzigo ambao hazikupimiwa. Ikikatika ya pili nayo ukaiziba, bamba linabaki na eneo kubwa lisiloshikwa na chochote, na kwa nje boila inaonekana kavu na safi kuliko ilivyowahi kuwa. Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko yote. Kazi mbaya ya namna hii inapendeza machoni.

Sheria za Marekani za injini za stimu zinataka matundu hayo yawe wazi wakati wote. Hata rangi isiyazibe. Nanyi mnaopaka rangi injini ili zipendeze kwenye picha, pitisheni waya katika kila tundu baada ya rangi kukauka. Ni kazi ya nusu siku.

Naomba mnielewe vizuri kuhusu kuchomelea, maana kila nikisema haya mtu anatoka na kusema mzee anachukia welding. Siichukii. Mirija ya kupitisha moshi kwenye fayaboksi ya chuma huchomelewa kingo baada ya kukazwa kwa ekspanda, chombo cha kutanua mrija ubane tundu lake, na kazi hiyo ikifanywa na welda mwenye cheti inadumu miaka. Kuna stei za leo zinazochomelewa badala ya kukatwa hesi za kuskrubu, na zinafanya kazi. Kinachoniudhi ni welda kuitwa kabla hatujajua ni nini kinachovuja na kwa nini. Mrija unaovuja baada ya moto kuzimwa haraka na mlango wa fayaboksi kuachwa wazi umepigwa na hewa baridi tu. Ukiukaza kidogo kwa ekspanda unapona, na ukiukaza mno unatanua tundu la bamba, hapo umejiletea ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kwenye maungio ya ribiti, ile misumari minene inayoshikanisha mabamba, ni hatari zaidi. Ukiona unga mweupe umeganda pembeni ya ribiti, usilete moto hapo. Maji yenye dawa yamekuwa yakipenya polepole, yakikauka na kuacha soda kali, na soda hiyo inaweza kupasua chuma kutoka ribiti hadi ribiti pasipo kuonekana kwa nje. Ng'oa ribiti, angalia matundu yake kwa rangi ya kutafutia nyufa, kisha ndipo tuongee.

Mambo mengine nayapita haraka. Jaribio la presha ni la maji, kamwe lisiwe la hewa ya kompresa, kwa sababu hewa iliyobanwa inahifadhi nguvu na boila ikiachia inaachia yote kwa mara moja. Plagi ya risasi, inayoyeyuka kutoa onyo maji yakipungua, ibadilishwe kwa ratiba, ukoko wa chokaa ukiifunika haiyeyuki kwa wakati wake. Glasi za kuonyesha kimo cha maji zipulizwe kila zamu. Wanaoona jambo hili la mwisho ni dogo wakumbuke Gettysburg, Pennsylvania, Juni 1995: injini ya kubeba watalii, ukoko umeziba njia za glasi ya maji, glasi inaonyesha maji ambayo hayapo, paa la fayaboksi likapata moto kupita kiasi na kushuka. Watu watatu waliokuwa kwenye injini waliungua. Na presha ilikuwa ya kawaida, haikuzidi.

Nirudi kwenye stei, maana kuna jambo wenye injini za maonyesho hawapendi kulisikia. Mnaamini injini inayotembea kilomita chache kwa mwaka haichoki. Injini za reli tulizozihudumia zilikaa na moto siku nyingi mfululizo, zikipoa wakati wa kuoshwa boila tu. Injini ya maonyesho inawashwa Jumamosi na kuzimwa Jumapili. Kila kuwasha na kuzima ni mkunjo mmoja wa waya ule. Stei hazihesabu kilomita. Kibaya zaidi ni kuwasha kwa haraka, na injini za mafuta ya kuchomea zinashawishi sana, kwa sababu ukifungua bana, kile kinachopuliza mafuta motoni, stimu inapanda huku ukiiangalia. Tulifundishwa kuanza na kuni, moto mdogo, usiku kucha, boila nzima ipate joto pamoja mpaka ukiweka kiganja kwenye pete ya msingi, ile inayofunga mabamba mawili chini ya fayaboksi, usikie uvuguvugu. Mwenye injini akiniambia aliiwasha saa kumi na moja alfajiri ikawa na stimu saa mbili, najua nitakapofika nitakuta stei zimekatika pembe zipi.

Kuna jambo ambalo vitabu havilisemi wazi. Vinakuambia ugonge stei kwa nyundo ukiwa ndani, nzima italia kama kengele, iliyokatika itatoa sauti ya gunzi. Nimegonga maelfu, na imenidanganya. Stei iliyopasuka nusu inalia vizuri kabisa. Boila ikiwa na presha kidogo ndani sauti ni tofauti na ikiwa tupu, na sikio la saa nne asubuhi si sikio la saa kumi jioni. Mzee aliyenifundisha alikuwa akigonga mara moja anaandika chaki, harudii. Mimi narudia siku ya pili, na kila mara natoa stei mbili tatu nilizozipitisha ili nizione kwa macho. Zaidi ya mara moja nimetoa stei niliyoipitisha na kukuta ufa umekula robo yake. Kwa hiyo tundu lililo wazi ninaliamini kuliko sikio langu, na ndiyo maana mtu akilifunga nakasirika hivi.

Basi nilifika. Ni injini ndogo ya shamba la miwa, imesimama uani chini ya bati, mwenyewe simtaji. Vijana wameifanyia kazi nzuri sana sehemu nyingine, tena nimewasifu kwa dhati: metali nyeupe ya beringi imemiminwa vizuri, fimbo zimepimwa, magurudumu yanazunguka kwa mkono. Vitundu vinne vilikuwa vinatoa maji kweli, upande wa kushoto juu. Lakini kilichonishtua ni vile ambavyo havikutoa. Nilichukua patasi nikakwangua rangi kwenye safu za juu, chini ya rangi nikakuta chembe za welding, ndogo kama punje za mahindi, moja baada ya nyingine. Tisa. Mtu aliyekuja kabla ya hawa vijana, miaka mingi iliyopita, aliyachomelea matundu yote tisa na kupaka rangi juu.

Nikamwambia kijana aliyenipigia simu alete drili ya mkono. Tukapiga alama katikati ya punje ya kwanza, nikampa ashike mwenyewe. Boila ilikuwa bado na presha kidogo ya maji. Chuma kilitoka kikavu, kinang'aa, kinadondoka kwenye viatu vyake. Milimita tatu, nne. Kisha kile kilichokuwa unga kikageuka tope jeusi kwenye ncha ya keekee, akachomoa, na uzi wa maji ukamfuata mpaka kifuani. Hakusema kitu. Akaweka alama ya chaki akahamia ya pili.

Kati ya tisa, sita zilitoa maji. Ukijumlisha na zile nne ni kumi, na saba kati yake zimekaa pamoja kwenye pembe moja. Kwa kipimo cha Marekani, hata tano zilizokatika katika boila nzima zinatosha kuiondoa kazini. Hii ilikuwa na kumi, na Jumamosi walikuwa wanaiwasha na watoto wa shule wamealikwa.

Watoto wametaarifiwa kwamba hakuna safari. Vijana wameniomba tufanye kazi pamoja, na nimekubali kwa sharti kwamba katika pembe ile tunatoa kila stei, hata zile zinazolia kama kengele, na tunapima unene wa bamba kuzunguka kila tundu kabla ya kukata hesi mpya. Chuma cha stei kimeagizwa. Yule welda naye yumo, ni fundi mzuri na mkono wake umetulia. Jumatatu tunaanza na safu ya juu, kushoto, ile ya kwanza iliyommwagia kijana maji.