Kamera Ikinyamaza: Kupanga Taarifa za Hitilafu ya Mtandao kwa Nyumba Isiyo na Mtu

Nyumba nyingi za vihamba (mashamba ya ukoo) vya Kibosho, Machame na Marangu, mkoani Kilimanjaro, siku hizi zimefungwa kamera za ulinzi na wenyewe wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza au ng'ambo, ambao hurudi nyumbani mwezi wa Desemba na miezi mingine yote huitazama nyumba kupitia simu. Wanapomwita fundi, swali lao la kwanza huwa lilelile: mtu akiingia getini, nitapata ujumbe? Ni swali la haki. Hata hivyo, sisi tunaofundisha kazi hii katika chuo cha ufundi hapa Moshi huwaagiza wanafunzi wamrudishie mteja swali jingine kabla hawajafungua ngazi: mtandao wa kamera ukikatika, utajuaje?

Simu isiyolia usiku kucha huweza kumaanisha kwamba hakuna aliyeingia, lakini huweza pia kumaanisha kwamba bando la ruta liliisha saa nne usiku na tangu hapo kamera haijaweza kutuma chochote. Mtu aliye mbali hawezi kuzitofautisha hali hizo mbili, isipokuwa mfumo wake umepangwa kutoa taarifa ya kukatika kwenyewe.

Kamera na rekoda (kifaa kinachohifadhi picha za kamera zote) nyingi za sasa hugawa kengele zao katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la matukio yanayoonekana kwenye picha, kama vile kitu kutembea, mtu kuvuka mstari uliochorwa au lenzi kufunikwa. Fungu la pili ni la hitilafu za mfumo: mtandao kukatika, anwani ya IP (namba inayokitambulisha kila kifaa kwenye mtandao) kugongana, picha ya kamera fulani kupotea, diski kujaa au kuharibika, na mtu kujaribu nywila mara nyingi bila kufanikiwa. Fundi mwenye haraka hupanga fungu la kwanza, akamwonyesha mteja ujumbe mmoja wa majaribio, akalipwa, akaondoka. Fungu la pili hukaa bila kuguswa, na rekoda ikipata hitilafu hulia peke yake ndani ya kabati la chumba kilichofungwa.

Kupanga kengele ya mtandao kuna ugumu wake wa asili, kwa sababu kifaa kilichokatiwa njia hakiwezi kupitisha taarifa katika njia hiyohiyo iliyokatika. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha kutuma barua pepe mtandao unapokatika, barua hiyo haitaondoka wakati wa tukio. Lazima taarifa itolewe na kitu kingine. Kamera moja ikipoteza kebo yake, rekoda ambayo bado ina intaneti ndiyo itakayotoa taarifa, na mpangilio huu ni wa kuaminika. Nyumba nzima ikikosa intaneti, tegemeo ni seva ya programu ya simu: kamera huitumia seva ujumbe mfupi kila baada ya muda kuonyesha kwamba ingali hai, na seva isipousikia huihesabu kuwa imetoka mtandaoni. Programu kadhaa zinaweza kumwarifu mmiliki wakati huo, ila kitufe chake mara nyingi hukaa ndani ya mipangilio ya kila kifaa, na ni juu yako kukitafuta na kuhakikisha kimewashwa. Njia ya tatu ni kifaa cha kengele chenye laini yake ya simu, kinachotuma ujumbe mfupi wa kawaida bila kuhitaji bando la intaneti. Kwa nyumba isiyo na mtu mwaka mzima, mimi hupendekeza njia ya pili na ya tatu ziwekwe pamoja, hata kama gharama itapanda kidogo.

Wakati huohuo kamera isiachwe bila kazi. Iwekewe kadi ya kumbukumbu ili iendelee kurekodi yenyewe, kwani zipo kamera na rekoda zinazoelewana kiasi kwamba mawasiliano yakirudi, rekoda huchukua kutoka kwenye kadi kipande kilichokosekana. Aidha, kamera yenye tundu la kutolea kengele inaweza kupangwa iwashe king'ora mtandao unapokatika, na jirani akasikia.

Sababu za kukatika ni za kawaida sana. Ya kwanza ni umeme. Ruta nyingi za nyumbani hutumia volti 12 na ampea 1 au 2 tu, kwa hiyo betri ndogo ya akiba huihudumia kwa saa kadhaa, na ikiwa kamera hupata umeme kupitia kebo ya mtandao, betri kubwa kiasi iliyounganishwa na swichi ya mtandao (kisanduku zinakokutana kebo za kamera) huziweka hai kamera zote kwa pamoja. Sababu ya pili ni bando. Kamera inayorusha video ya megabiti 2 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 900 kwa saa moja, na mwenye nyumba anayependa kuitazama migomba yake moja kwa moja kila jioni hushangaa bando la mwezi linapokwisha katikati ya mwezi. Kwa kutazama ukiwa mbali, chagua mkondo mdogo wa picha, na video iliyo safi ibaki kwenye diski.

Sababu ya tatu huja na Krismasi. Fundi huipa kamera anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.105, bila kuangalia kwamba ruta nayo hugawa anwani kuanzia 100 hadi 199 kwa kila simu inayoingia. Mwaka mzima hakuna tatizo, kwa kuwa hakuna simu nyumbani. Desemba wajukuu ishirini wanafika, kila mmoja na simu yake, na mmoja wao anapewa anwani ya kamera ya getini. Kamera huanza kupotea na kurudi, na fundi hulaumiwa kwa kuuza kamera mbovu. Dawa yake ni kuzipa kamera anwani zilizo nje ya safu inayogawiwa, kwa mfano 192.168.1.20 na kuendelea, au kuiambia ruta izihifadhie anwani zake.

Katika ukurasa huohuo wa mipangilio ya mtandao ya kamera, hakikisha anwani ya ruta imejazwa mahali palipoandikwa "gateway" na anwani ya DNS (seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) haijaachwa wazi. Kasoro hii hudanganya, maana kamera huonekana vizuri kwenye simu iliyomo ndani ya nyumba, lakini haiwezi kuifikia seva yoyote iliyo nje. Saa nayo irekebishwe. Baadhi ya kamera hufika zikiwa na saa za China, zinazotangulia za Afrika Mashariki kwa saa 5, hivyo tukio la saa mbili usiku huandikwa kuwa la saa saba usiku. Na saa ikiwa imekosewa kwa miezi au miaka, kamera inaweza hata kukataa cheti cha usalama cha seva ya barua pepe. Chagua UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, kisha ruhusu kamera ijisahihishe kwa seva ya saa ya mtandaoni.

Kwa wanaotumia barua pepe, fungua akaunti mpya ya kazi hii tu, usitumie ile ya benki na familia. Mlango wa seva (port) huwa 465 au 587 kulingana na aina ya usimbaji. Watumiaji wa Gmail wafahamu kwamba tangu tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kuondoa njia ya kuingia kwa nywila ya kawaida katika vifaa vya namna hii: sharti uwashe uthibitisho wa hatua mbili, kisha utengeneze nywila maalumu ya herufi 16 na kuiweka kwenye kamera. Kamera iliyopangwa kabla ya hapo kwa nywila ya kawaida ya Gmail na haikuguswa tena haitumi barua, hata kama zamani ilituma bila shida.

Taarifa zikizidi, hazisomwi. Jani la mgomba likipepea, mvua ya masika ikimulikwa na taa za infraredi, au buibui akitanda utando mbele ya lenzi, kamera inayolinganisha mabadiliko ya picha huona kitu kimetembea. Chora eneo la kukagua lianzie getini na liishie mlangoni, migomba ibaki nje, na kama kamera inaweza kumtambua binadamu, tumia uwezo huo badala ya kengele ya kitu chochote kinachotembea. Vivyo hivyo kwa mtandao: mlimani mawimbi ya simu huyumba, basi kama kifaa kinaruhusu muda wa kusubiri, weka dakika mbili au tatu kabla hakijatangaza kukatika. Katika simu yako, iondoe programu ya kamera kwenye orodha ya zile zinazozimwa ili kuokoa chaji.

Juu ya nywila sitasema mengi. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na rekoda nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyotoa huduma ya DNS kwa tovuti nyingi, hata tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazipatikani kwa saa kadhaa. Badilisha nywila ya kiwandani siku ya kwanza, usifungue milango (port) ya ruta kwa ajili ya kutazama ukiwa mbali, na washa kengele ya majaribio ya kuingia yaliyoshindwa. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa zinazomtambulisha mtu. Picha ya sura ni mojawapo, hivyo kamera isielekezwe uani kwa jirani, na picha za wapita njia zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp.

Taarifa iwafikie watu wawili angalau: mwenye nyumba, na mtu aliye karibu mwenye funguo, awe jirani, ndugu au msimamizi. Mwenye nyumba aliye Dar es Salaam akiambiwa saa tisa usiku kwamba kamera imekatika hana la kufanya zaidi ya kumpigia huyo wa karibu, na huyo aweza kuwa amezima simu.

Majaribio hufanywa kwa kukata kweli. Chomoa kebo ya kamera moja, angalia saa, uhesabu ujumbe umechukua muda gani kufika. Irudishe, kisha uzime ruta na kufanya vilevile. Mwisho zima umeme wa nyumba nzima ili kuipima betri. Kila ukirudisha, fungua rekodi ya dakika zile za kukatika uhakikishe kadi ilirekodi, kwa sababu kadi iliyowekwa bila kufomatiwa ndani ya kamera huweza kuonekana ipo na isiwe na kitu. Zoezi zima halichukui saa moja, na lifanyike tena kila mara ruta, laini au nywila inapobadilishwa.