Kwa nini kuongeza mwendo hakukufikishi kwenye chombo kilicho mbele yako

Wengi wanaoanza kujifunza kukutanisha vyombo vya anga katika mchezo wa Kerbal Space Program huamini kwamba, wakikiona chombo kingine mbele yao kwenye obiti ileile (njia ya kuizunguka sayari), inatosha kukielekea na kuwasha injini. Sivyo hata kidogo. Msukumo wa kwenda mbele huinua upande wa pili wa obiti, njia inarefuka na kila mzunguko unachukua muda zaidi, hivyo anayekimbiza ndiye anayezidi kuachwa nyuma. Hayo yalimkuta kweli mwanaanga wa Marekani James McDivitt mwezi Juni 1965 ndani ya chombo cha Gemini 4, alipojaribu kukifuata kipande cha roketi yake ya Titan II, akatumia mafuta mengi na asikifikie.

Linalotakiwa ni kupunguza mwendo: geuza chombo, washa injini kwa muda mfupi kinyume na uelekeo wako, ushuke kwenye obiti fupi zaidi, kisha uache mizunguko hiyo ya muda mfupi zaidi ikusogeze karibu na lengo. Kulielekea lengo moja kwa moja hufaa mkiwa mmebakiza mita mia chache tu, na baada ya kufuta tofauti ya mwendo kati yenu. Desemba 15, 1965, Gemini 6A iliikaribia Gemini 7 ikitokea chini yake, hadi umbali wa sentimita 30 hivi.