Miaka ya wokovu sio cheti cha ukomavu

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimeambiwa tena na mtu mzima kabisa, "mwalimu, mimi nimeokoka 1994, hayo mafundisho wape wachanga." Hii kauli nimeichoka. Waliookoka juzi hawanisumbui, hao wanauliza maswali mpaka muda wa darasa unaisha, wanaonisumbua ni wale wanaohesabu miaka ya wokovu kama mtumishi wa serikali anavyohesabu miaka ya kupanda daraja.

Soma Waebrania 5:12. Wale watu walikemewa kwa sababu muda umepita, walitakiwa wawe walimu na bado wanaomba maziwa, mafundisho ya mwanzo, yani miaka yao ndo ilikuwa shitaka lenyewe. Mstari wa 14 unasema watu wazima ni wale ambao akili zao zimezoezwa kupambanua mema na mabaya. Kusoma Neno, kuomba, kufunga, ushirika, sirudii hapa, mnayajua.

Nataka tukae kwa Paulo kidogo. 1 Wakorintho 15:9 anajiita mdogo katika mitume. Waefeso 3:8 ameshuka, ni mdogo kuliko watakatifu wote. 1 Timotheo 1:15 sasa katika wenye dhambi yeye ndo wa kwanza! Najua wasomi wanabishana kama Waefeso na Timotheo kaandika Paulo mwenyewe, na huo mjadala siwezi kuufunga mimi, ila kanisa lililozipokea hizo barua halikuona ajabu mtume mzee kusema hivyo. Petro naye, Pentekoste imeshapita, nyumbani kwa Kornelio, mtu wa Mataifa, kashafika, alafu Antiokia anajitenga mezani na watu wa Mataifa kwa kuogopa watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, mpaka Paulo anamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Sasa wewe wa 1994 umemzidi Petro?

Sisi Walutheri ndo tungetakiwa kulijua hili mapema, maana hoja ya kwanza kabisa katika zile 95 za Martin Luther za mwaka 1517 inasema maisha yote ya mwamini yawe toba. Yote. Na wazee wa uamsho, ule uliowaka Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukafika mpaka Bukoba, walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, mtu anasimama kwenye ushirika anaitaja dhambi yake, hasemi "kama kuna mtu nimemkosea". Hiyo "kama" inaniudhi kuliko kitu chochote kanisani, maana imebeba kiburi ndani ya nguo za toba. Kuna mzee wa usharika nilimwona baada ya kikao, chai inamiminwa, akamfuata kijana wa kwaya akamwambia, "jana nilikufokea mbele ya wenzako kwa sababu nakuonea wivu, watu wanakusikiliza kuliko mimi. Nisamehe." Kijana alishika kikombe hajui aangalie wapi. Ukiniuliza namjuaje aliyekua, naangalia hapo, akikosea inamchukua muda gani kusema nimekosea.

Ila hata kutembea nuruni kuna sehemu kuligeuka kupimana nani kavunjika zaidi, kwa hiyo hicho nacho sio kipimo salama.

Na kuna swali linaninyima raha. Mtu alikuwa na hasira kali ujanani, sasa ana miaka 65 kapoa. Ni Roho Mtakatifu au ni umri? Mara nyingi siwezi kusema, na vitabu vya uanafunzi vinapita hapo kimya kimya. Ninachofanya, namwangalia kwenye dhambi za uzeeni, uchungu, kutaka kusifiwa, kung'ang'ania nafasi, maana hizo umri hauzipoozi, unazichochea. Mtu akikabidhi uenyekiti wa kamati ya ujenzi kwa kijana alafu Jumamosi inayofuata bado anakuja kubeba mchanga, hapo naamini Roho yupo kazini.